Jinsi ya Kutumia Fonti ya Press Start 2P Bila Kuiharibu Sura

Anayetafuta herufi nene za vijimraba, zile zilizokuwa zikionyesha alama za mchezaji kwenye mashine za michezo ya video za miaka ya 1980, hana haja ya kwenda mbali. Fonti iitwayo Press Start 2P, iliyochorwa na msanifu ajulikanaye kwa jina la CodeMan38, inapakuliwa bure kutoka Google Fonts. Imefuata herufi za michezo ya kampuni ya Namco ya Japani, na leseni yake, SIL Open Font License, inakuruhusu kuitumia hata katika kazi ya kulipwa, ilimradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Kuipata ni rahisi, lakini kuitumia vizuri kunadai kwanza uielewe namba 8.

Kila herufi imechorwa ndani ya mraba wa pikseli, yaani vijimraba vidogo vinavyounda picha, 8 kwa 8. Baiti moja ya kumbukumbu ina biti 8, na biti moja inatosha kueleza kama pikseli imewaka au imezimwa, hivyo mstari mmoja wa herufi ulienea katika baiti moja na herufi nzima katika baiti 8, jambo lililokuwa na uzito mkubwa enzi ambazo kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo na ghali. Kioo cha Pac-Man, mchezo wa Namco wa mwaka 1980, kilikuwa na upana wa pikseli 224, yaani herufi 28 tu kwa mstari. Itazame herufi A kwa karibu: juu kabisa ina pikseli 3 za katikati; mstari wa pili una jozi mbili zilizoachana kwa pikseli 1; wa tatu na wa nne ina jozi moja kila ukingo; wa tano ni utepe mzima wa pikseli 7, kwani ya nane huachwa tupu ili kutenga herufi; kisha miguu inashuka mistari miwili ya mwisho. Nguzo za wima zina unene wa pikseli 2, ilhali ule utepe wa ulalo una 1 tu. Uzito huo wa nguzo ndio unaoipa fonti hii ukakamavu wake, na kwangu mimi ndio uzuri wake wote.

Kwa hiyo chagua ukubwa unaogawanyika kwa 8: 16, 24, 32, 64 na kuendelea. Ukiweka 20, kila pikseli ya herufi itadai pikseli 2 na nusu za kioo, na kwa kuwa kioo hakina nusu, programu hupaka rangi hafifu ukingoni na herufi zikaonekana kama zina ukungu. Katika programu ya kuchorea, zima kabisa ulainishaji wa kingo.

Hesabu upana kabla ya kuanza kupanga maneno, kwa sababu kila herufi huchukua nafasi sawa na nyingine, na maneno yetu ni marefu. Chukua bango la mraba lenye upana wa pikseli 1080. Neno TUNAWAKARIBISHA lina herufi 15; kwa ukubwa wa 72 litajaza bango kutoka ukingo hadi ukingo bila pumzi, lakini kwa 64 litachukua 960 na kuacha pikseli 60 kila upande. Neno KARIBU, lenye herufi 6, linaweza kufika ukubwa wa 160 kwa upana uleule wa 960, na hapo ndipo fonti hii inapong'aa. Itumie kwa kichwa cha habari, jina la mashindano, bei au tarehe. Usiandikie aya nzima kwayo. Msomaji atachoka kabla ya mstari wa tatu.

Jambo moja linawahusu hasa waandishi wa Kiswahili. Kibainishi cha ng' nacho hupewa mraba mzima, hivyo NG'OMBE huonekana kama maneno mawili yaliyotengana. Bango langu la kwanza lilikwenda kuchapishwa likiwa na kasoro hiyo, na bado hunichoma nikilikumbuka. Punguza nafasi baada ya kibainishi, lakini kwa hatua za pikseli nzima za herufi: kwa ukubwa wa 64, pikseli moja ya herufi ni 8 za kioo, basi sogeza kwa 8, 16 au 24 hadi jicho liridhike. Kivuli nacho kifuate kanuni hiyohiyo: kisogeze 8 kulia na 8 chini, kiwe na kingo kali, wala usikitie ukungu.

Hifadhi kazi kwa aina ya faili ya PNG, kwa kuwa JPEG huacha madoa kuzunguka kingo. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, si kama picha, la sivyo itabanwa.

Fonti hii haiishii kwenye kioo. Wanaotengeneza bangili za shanga wanaweza kuifuata moja kwa moja, kila pikseli ikiwa ushanga mmoja: jina AMINA litachukua takriban shanga 40 kwa urefu, na bangili ya safu 9 inatosha, 7 za herufi na moja ya mpaka juu na chini.