Kukagua bodi ya gari la abiria kabla hujatoa pesa

Mie kazi yangu ni bodi za magari ya abiria, haya ya mbao yanayokwenda Nungwi, Makunduchi na kwengineko hapa Unguja. Vijana wakiniita niwaangalilie gari, nikifika nawakuta wameshafungua boneti wanasikiliza injini. Injini ina fundi wake na spea zake zipo. Bodi ikioza ndio utajijua.

Gari lililopakwa rangi juzi lishuku. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika iliyokufa, izungushie kitambaa usije ukakwaruza rangi ya watu, kisha ipitishe kwenye bati, hasa chini ya milango. Pale isiponata pana puti, ule ujiuji mgumu wa kuzibia matundu ya bati.

Halafu tandika gunia ulale chini ya gari, na tochi na nyundo ndogo. Magari ya njia za pwani hurudi na mchanga wenye chumvi. Hujikusanya kwenye kona za chesisi, ukavuta unyevu mpaka chuma kikamenyuka matabaka. Gonga. Chuma kizima kinalia; kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Ukikuta chesisi imekatwa ikaungwa kwa kuchomelea, ondoka, bei isikuhadae.

Pa kukaa sana ni kwenye miguu ya nguzo za mbao zinazoshikilia paa, pale zinapoingia sakafuni. Maji ya mvua na ya kuoshea huteremka na nguzo yakalala hapo hapo. Juu mbao inang'aa, chini imeshakuwa kama boflo lililoroa chai. Ingiza ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama, nguzo imeoza hata kama rangi imeshika. Tazama pia imefungwa kwa nini: bolti yenye washa utaikaza tena, msumari ukishacheza hauna dawa. Doa jeusi kuzunguka skrubu ni kutu iliyoingia ndani ya mbao.

Paa ndilo linalobeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na baiskeli za watu, basi panda ulitembelee. Ukiona silikoni imepakwa juu ya silikoni, gari linavuja na mwenyewe anajua. Omba ndoo mbili za maji, umwage wewe, mwenzako akae ndani na tochi. Msiharakishe, maji huingia pengine yakatembea na mbao yakatokea mbali. Muuzaji akikwambia "hili halivuji, bwana, wacha tu" na ndoo haleti, mshukuru uende zako.

Kisha waombe jamaa watano sita wakae ubavu mmoja, washuke, nawe usimame nyuma utazame. Bodi ikibaki imelala upande, ama springi zimechoka ama fremu imepinda.

Taa na viti visikupotezee muda. Namba ya chesisi lazima ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari.

Nguzo mbili tatu zilizooza, kama chesisi ni nzima, hazinifanyi nilikatae gari. Mlete seremala akupigie hesabu ya mbao na ufundi, na pesa hiyo ikatwe kwenye bei kabla hamjapeana mkono.