Chupa tupu, kabla mvua haijanyesha

Ndugu zangu wa Bukavu, tundikeni gunia moja nyuma ya mlango wa jikoni, liwe la chupa za plastiki peke yake. Mwezi wa tisa mvua ikirudi, chochote kilichotupwa kwenye mfereji huku juu Kadutu kinateremka na maji mpaka ziwani. Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea, mto Ruzizi, na hapo ndipo bwawa la umeme la Ruzizi I lilipo. Chupa huelea, zikafika bwawani, zikaziba mashine, na sisi na wenzetu wa Goma tunabaki gizani. Inaniuma kila nikiwaona wafanyakazi wakizichota mtoni.

Chupa ikiisha, isuuze kwa maji kidogo, igeuze mdomo chini ikauke, kisha rudisha kifuniko. Kifuniko msikitupe, tafadhali, maana bila hicho hakuna anayeitaka. Kwetu anazichukua mama muuza mafuta ya ngazi, yaani mawese. Anainusa kila moja kwanza, na yenye harufu ya petroli anairudisha papo hapo. Wauza juisi na maziwa nao wanazihitaji. Zilizopasuka zikanyageni zilale bapa, gunia litachukua nyingi zaidi kabla ya kulipa mbeba taka.

Maganda ya ndizi na ya mihogo yasiingie humo kabisa. Yapelekeni kwa jirani mwenye mbuzi. Na wingu likitanda, watoto wapitie mara moja mfereji wa mbele ya parsele, yaani kiwanja chenu, waokote chupa.