Spika pasivu ya FRFR kwa gitaa la dijitali: anza na omu, wati baadaye

Modela, yaani kifaa cha dijitali cha gitaa kama Helix, Quad Cortex au Axe-Fx, huigiza amplifaya, boksi la spika na hata maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Mwishoni inataka spika inayotoa ilichopewa bila kutia chumvi, na hiyo ndiyo FRFR: masafa kamili, mwitikio bapa. Spika ya gitaa ya kawaida haiko hivyo. Celestion Vintage 30, kwa mfano, hufika 5,000 Hz hivi kisha sauti huporomoka. Ukiipa sauti iliyokwisha kupitishwa kwenye boksi la kuigiza, unapata boksi juu ya boksi, kama mtu anayeongea ndani ya debe.

Spika pasivu haina amplifaya ndani. Ni nyepesi, haihitaji waya wa umeme, na ikiharibika fundi wa mtaani anaimudu. Ila kazi ya kuioanisha na amplifaya ni yako.

Hatua ya 1: Soma amplifaya kwanza

Tafuta namba mbili: wati ngapi (nguvu), kwa omu ngapi (ukinzani wa spika). PowerStage 170 ya Seymour Duncan hutoa wati 170 kwa omu 4. Ukiifunga kwenye boksi la omu 8, tarajia takriban nusu. Hilo haliiunguzi amplifaya ya transista au ya daraja D (Class D, aina nyepesi ya kisasa). Linapunguza nguvu tu. Hatari ni kwenda chini ya kiwango kilichoandikwa. Maboksi mawili ya omu 8 yakifungwa sambamba ni omu 4, sawa. Mawili ya omu 4 ni omu 2, na hapo amplifaya nyingi hujizima au kuungua.

Amplifaya ya valvu iache nje ya mpango huu. Inataka omu zilingane kabisa, na ina rangi yake ya sauti, wakati rangi tayari umeilipia ndani ya modela.

Hatua ya 2: Soma boksi, lakini soma wati inayostahili

Boksi moja huandikwa namba tatu za wati. JBL JRX212 ni 250 za mfululizo, 500 za programu na 1,000 za kilele. Linganisha ya mfululizo kwa ya mfululizo. Ukikuta PMPO, namba ya wati iliyokuzwa kwa ajili ya matangazo, ipuuze.

Namba inayopuuzwa ni desibeli kwa wati 1, umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Boksi la 98 dB likipewa wati 100 linapiga sawa na la 95 dB lililopewa wati 200. Kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, tazama hapo.

Hatua ya 3: Boksi la PA, au kubadilisha spika?

Boksi la PA (spika ya ukumbini) la inchi 12 lenye honi (spika ya sauti za juu) ndiyo njia ya moja kwa moja. Kama tayari una boksi zuri la gitaa, Celestion F12-X200 inaingia mahali pa spika ya inchi 12: wati 200, omu 8, 60 Hz hadi 20,000 Hz, twita, spika ndogo ya sauti za juu, ikiwa katikati ya koni. Kwa mpiga gitaa anayesimama karibu na spika yake, mimi ningechagua hii, maana sauti za juu na za chini zinatoka sehemu moja. Inchi 15 haikuongezei kitu: noti ya chini ya gitaa ni 82 Hz.

Hatua ya 4: Likiwa la mtumba, lipime

Weka multimita kwenye omu na gusa ncha za soketi. Boksi la omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, la omu 4 husoma 3 na ushee. Usomaji huo ni wa koili ya spika kubwa peke yake. Kwenye krosova, saketi inayogawa sauti za juu na za chini, honi hutanguliwa na kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa multimita, kwa hiyo honi iliyokufa haionekani kabisa. Isikilize: piga muziki wenye matoazi kwa sauti ndogo, tega sikio mdomoni mwa honi. Kimya maana yake diaframu imeungua, au taa ya kinga ndani ya krosova imekatika. Omba punguzo.

Kisha bonyeza koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, nguvu sawa kila upande. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Liache.

Hatua ya 5: Waya

Tumia waya wa spika wa shaba, 1.5 mm² au 2.5 mm², kamwe si waya wa gitaa, hata kama plagi inaingia. Uzi wake wa ndani ni mwembamba, hupata moto na kula nguvu. Kwenye Speakon (plagi ya spika inayojifunga) funga 1+ na 1−. Amplifaya nyingi za daraja D hazina ncha hasi iliyo ardhi, kwa hiyo usiiunganishe na ardhi wala na mikseri.

Ukiwa na maboksi mawili na besi imepotea yakilia pamoja, mojawapo limefungwa kinyume. Gusisha betri ya 1.5 V kwenye waya kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni zote mbili zitoke nje.

Hatua ya 6: Panga modela

Washa IR, yaani boksi la kuigiza. Ukiizima kwenye FRFR, sauti inakuwa nyuki kwenye chupa. Kata chini ya 80 Hz na juu ya 7,000 Hz, kisha rekebisha kwa sauti ya jukwaani, si ya chumbani: sikio husikia besi zaidi kadiri sauti inavyopanda, na mipangilio ya usiku wa manane hunguruma ikifika ukumbini. Ekwalaiza ya jumla iweke kwenye tokeo la spika yako tu, ili fundi mitambo apate sauti safi kwenye tokeo lake la XLR.

Mwisho, liinamishe boksi honi ikutazame usoni. Likielekea magotini utaongeza makali usiyoyasikia, huku mstari wa mbele ukiziba masikio.