Ukija Ujiji, usiukimbilie mnara

Wageni wa ukoo wetu hufikia kwangu. Kila shule zikifungwa, kuna mpwa, wifi au jirani aliyehamia Dar atapiga simu: "Shangazi, tunakuja huko mwisho wa reli, utatutembeza." Nami ni muuza dagaa, nikimtembeza kila mmoja, nitakula nini? Basi nimeyaandika yale ninayowaambia kila mwaka. Yanatosha siku nne.

Ujiji na Kigoma ni manispaa moja, na daladala zinapita Mwanga kutwa nzima. Lala Kigoma kama unapenda, nyumba za wageni ni nyingi zaidi huko, lakini siku ya kwanza njoo Ujiji, tena asubuhi, jua halijakaza.

Wengi hupanda bajaji moja kwa moja hadi mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, wanapiga picha, wanageuza. Dakika ishirini, kisha wanasema Ujiji hakuna kitu. Wewe shukia barabarani, ushuke kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Tazama vibaraza, milango ya mbao, misikiti, kanzu na baibui. Utadhani umetupwa Bagamoyo, na ilhali bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja. Si ajabu: njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora ndiyo iliyoishia hapa. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa, wakaanza safari ya pwani kwenye mitaa hii hii unayopita. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika kwa njia hiyo mwaka 1858. Miaka ya 1880 mtu aliyetamba hapa alikuwa Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Bibi yangu alikuwa Mmanyema, na nyumbani kwetu swali la "sisi tulifikaje Ujiji" halikuulizwa kwa sauti kubwa.

Ukipita mbele ya mzee aliyekaa barazani, toa shikamoo kabla ya kutoa simu. Ukitaka kumpiga picha, mwombe. Anaweza kukataa, na usilaumu kitu isipokuwa haraka yako.

Sasa nenda mnarani. Utakuta jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika, miembe iliyotokana na ule mwembe wa zamani uliokwisha kufa, na jumba la makumbusho lenye sanamu za Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, wakisalimiana kwa kuvua kofia. Watoto huzicheka sana. Tarehe ya kukutana kwao iliyoandikwa ni 10 Novemba 1871, lakini Livingstone mwenyewe kwenye shajara yake aliandika siku za Oktoba, maana maradhi yalikuwa yamempotezea hesabu ya siku. Habari ya kofia kila mtu anaijua. Mwombe mwenyeji wa makumbusho akusimulie ya kabla yake: Julai mwaka huo Livingstone alishuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, huko Umanyema, akarudi Ujiji hoi, akakuta aliyeachiwa bidhaa zake amekwisha kuziuza zote. Mtu aliyesalimiwa pale chini ya mwembe alikuwa hana kitu.

Utajiuliza ziwa liko wapi, kwa kuwa pale mnarani hulioni miguuni pako. Miaka michache baada ya 1871 maji yalipata njia ya kutokea kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, na ufuko ukarudi nyuma. (Ziwa halina adabu ya kudumu: kuanzia 2020 lilipanda tena, watu wa Kibirizi, mtaa wa ufukweni Kigoma, wakahamisha vitanda.) Endelea kushuka hadi ufukweni. Kuna mafundi wanaounda mitumbwi mikubwa ya mbao kwa mikono, msumeno, tezo na nyundo, wakikalafati mianya kwa pamba. Kaa kwenye gogo, agiza kahawa kama muuzaji anapita, tazama. Kwangu mimi hapa ndipo penye Ujiji yenyewe kuliko kule kwenye sanamu.

Siku ya pili ni ya Kigoma mjini, na haihitaji maneno mengi. Stesheni ya Wajerumani, ambako reli ilifika 1914, ingia uitazame hata kama hupandi treni. Bandarini uliza habari za meli kongwe ya MV Liemba, kwa sababu ratiba yake na matengenezo yake havitabiriki. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa hapa. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 ili isichukuliwe na maadui, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wanaopenda siasa nawaambia pia kwamba mwanamapinduzi Che Guevara alivuka kwenda Kongo kutoka mji huu, Aprili 1965. Jioni nenda ukaoge pwani ya Jakobsen. Kuna kiingilio, lakini maji ni safi na chini unaona mchanga na visamaki vya rangi rangi. Usiogee penye majani na maji yaliyotuama, kichocho kipo. Na usiende mbali kwa kujionesha: ziwa hili lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu.

Siku ya tatu ni ya Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kaskazini ya Kigoma, nayo ndiyo inayowachanganya wageni, basi soma taratibu. Hakuna barabara; ni maji tu. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana, zimejaa magodoro, soda, kuku na akina mama wa vijiji vya kaskazini, na zinatambaa saa tatu au zaidi. Zinarudi asubuhi mapema. Maana yake ukipanda boti ya abiria lazima ulale hifadhini, hakuna kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anayetaka kurudi jioni akodi boti, waende kundi ili wachangiane mafuta. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huamka mchana na mawimbi yanapanda. Waliokodi waondoke alfajiri. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha halivai.

Beba kitambulisho cha taifa, la sivyo utatozwa kama mgeni wa nje. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na hili limeshaniletea vilio barazani kwangu, maana mama mmoja alikuja na wanawe watatu bila kuuliza. Mwenye mafua asiende: maradhi yetu yanawaua sokwe. Utavaa barakoa na kukaa mita kumi kutoka kwao. Milima ni mikali, viatu viwe na meno. Kati ya Julai na Oktoba sokwe hushuka chini zaidi, hivyo hupandi sana. Ni hapa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Julai 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akichovya kijiti kwenye kichuguu ili avue mchwa. Alifariki Oktoba 2025. Chakula chako kifiche ndani; nyani wa ufukweni hawaombi.

Siku ya mwisho ni yangu: dagaa. Ukitaka kuwaona wakivuliwa, angalia mwezi kabla hujakata tiketi. Wavuvi huwavuta kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawaendi. Njoo siku za giza, simama kilimani saa mbili usiku, utaona taa zimetandaa ziwani kama mji mwingine. Angalia pia kama ziwa halijafungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Asubuhi nenda Katonga au Kibirizi wanakoanikwa. Dagaa wetu ni jamii nyingine kabisa na wale wa Ziwa Viktoria, usikubali kuchanganyiwa. Chukua wachache, wasugue kiganjani, kisha pangusa kiganja na ukitazame: ukiona chembe za mchanga, walianikwa chini. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo lakini hawasagi meno. Wawe weupe wa kung'aa. Wakiwa na umanjano, walinyeshewa au wamekaa muda mrefu. Vunja mmoja: avunjike kwa sauti. Akipinda, hajakauka, na atavunda kabla hujafika Dodoma. Ukipimiwa kwa sado, tazama kitako cha sado kwa ndani, kuna wanaokibonyeza juu.

Chukua na samaki wa hapa, migebuka ya moshi, na mawese, lita moja inatosha mtu asiyeyazoea. Kizibo cha mawese kifunge kwa nailoni na mpira, chupa isimame wima ndani ya ndoo. Usiiweke kwenye begi la nguo. Wifi yangu hakunisikia, na gauni lake la harusi ya mdogo wake hadi leo lina rangi ya machungwa.