Kabla ya kununua puta ya maleti, ijaribu kwa kidole

Unataka puta ya maleti, kile kifaa cha gofu chenye kichwa kipana cha kusukumia mpira shimoni? Ilaze fimbo yake juu ya kidole kimoja mpaka itulie. Uso wake, upande unaogonga mpira, ukitazama juu, inamfaa anayeivuta nyuma na kuisukuma mbele kwa mstari ulionyooka. Ncha ya kichwa ikining'inia chini, inamfaa ambaye mkono wake huipitisha kwa upinde.

Uzito wake umetawanywa nyuma na pembeni, kwa hiyo hata ukigonga mpira kando kidogo ya katikati, uso haugeuki sana na mpira haufii njiani. Kasoro yake, kwangu mimi, ni ububu: mkono hauambiwi vizuri umegonga wapi. Basi ipime kwa mipira ya mita 10 kwenye griini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, si ile ya mita moja ya zulia la dukani.