Kufunga egzosi mpya mwenyewe nyumbani: usikaze boliti hata moja mpaka bomba lote lininginie

Watu wengi wakinunua egzosi ya kubadilisha wanadhani kazi ipo kwenye kufunga ile mpya. Sio kweli, kufunga ni rahisi, kazi yenyewe ni kuitoa ya zamani ambayo imekaa chini ya gari miaka kumi inakula maji, tope na joto mpaka boliti zimekuwa kitu kimoja na flenji (ule mdomo bapa wa bomba unaofungwa kwa boliti). Kwa hiyo ukipanga muda wako, zaidi ya nusu uweke kwenye kutoa. Na kwenye kufunga kuna sheria moja tu ambayo ukiishika mengine yote yanajipa: ninginiza mfumo mzima ukiwa umelegea, panga, kagua, ndo ukaze. Anayekaza kipande kimoja kimoja anavyoenda atafika nyuma akute ncha ya bomba inagusa bampa au imeangalia pembeni, alafu anafungua vyote anaanza upya.

Kwanza kabisa jua unabadilisha kutoka wapi. Kuna seti ya sailensa ya nyuma tu, hii hata mtu ambaye hajawahi kushika spana anaimudu. Kuna seti inayoanzia nyuma ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi, katalitiki) mpaka mwisho, hii ndo nayoizungumzia hapa, maana ndo inayofungwa nyumbani bila kuchomelea chochote kama ni seti iliyotengenezwa kwa gari yako. Kuanzia menifoldi (mabomba yanayotoka kwenye injini yenyewe) kuja nyuma hiyo ni kazi nyingine, kuna sensa, kuna gasketi za menifoldi, na mara nyingi kompyuta ya gari inahitaji kupangwa upya. Masega yaache yalipo. Kuyatoa ni kosa la kisheria nchi nyingi, taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, na moshi utanuka mpaka ndani ya gari. Na usidanganywe kuhusu nguvu, seti ya nyuma ya masega kwenye injini ya kawaida isiyo na tabo (turbo) inaongeza kidogo sana, unachonunua kwa kweli ni sauti, uzito kupungua kidogo, na chuma kisichooza haraka. Hakuna ubaya, ila ujue.

Kwenye kununua angalia mambo matatu. Bomba nene sio lazima liwe bora, injini ndogo ukiipa bomba la inchi 3 moshi unapoteza mwendo na gari inakuwa nzito kuondoka mzunguko ukiwa chini. La pili ni aina ya chuma, stenlesi ya 304 ndo inadumu zaidi, ya 409 ni ya bei nafuu, inapata kutu ya juu juu lakini haitoboki haraka, na chuma kilichopakwa alumini kiko chini yake. Ukiwa na sumaku unaweza kupima mwenyewe, 409 inaikamata vizuri, 304 haiikamati au inaikamata kidogo sana. La tatu hakikisha seti ni ya injini yako na mfumo wako wa magurudumu, gari ya jina moja mwaka mmoja inaweza kuwa na bomba tofauti kama ni ya magurudumu manne kwa sababu ya propela na difu (shafti na gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma). Na kama huwezi kuvumilia kelele chagua seti yenye rezoneta (kopo dogo la kupunguza mvumo) katikati, ule mvumo mzito unaokuja ukiwa barabara kuu injini ikiwa kwenye mzunguko wa 2000 hivi kwa dakika unachosha kichwa kuliko unavyofikiri, na sauti uliyoisikia kwenye video haikuambii lolote kuhusu huo mvumo ukiwa umekaa ndani.

Haya, usiku kabla ya kazi pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye kila boliti na nati ya egzosi, injini ikiwa imepoa. Asubuhi rudia. Hii hatua watu wanairuka alafu wanakata boliti tatu mfululizo.

Gari iwe imepoa kabisa, sio imepoa ya kugusa boneti, hapana, masaa kadhaa, bomba karibu na masega linapita nyuzi joto mia kadhaa likiwa kazini. Paki kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, handibreki juu, nyanyua na jeki sehemu ambayo kitabu cha gari kinaonyesha, weka stendi, shusha gari ikae juu ya stendi, kisha isukume kwa mkono uone inatikisika au la KABLA hujaingia chini. Jeki sio stendi. Tofali sio stendi. Hapa sina utani, jeki ya haidroliki inashuka yenyewe sili ikichoka na haikupi taarifa.

Kitu ambacho maelekezo mengi hayasemi: kama gari yako ina akseli nzima nyuma (moja inayounganisha magurudumu yote mawili) na bomba linapita juu yake, ukinyanyua bodi akseli inaning'inia chini, kwa hiyo nafasi unayoiona kati ya bomba na akseli ni ya uongo, gari ikishuka chini akseli inapanda na inaweza kuligonga bomba. Weka stendi chini ya akseli yenyewe, au tumia rampu, ili kila kitu kikae kama kinavyokaa barabarani.

Vaa miwani ya kufunika macho. Utakuwa umelala chali na kutu inadondoka moja kwa moja usoni, na mtu akishapata kipande cha kutu kwenye jicho hiyo kazi inaishia hospitali.

Sasa kutoa. Anza na boliti za flenji nyuma ya masega. Tumia soketi ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili inateleza kwenye nati iliyolika na inaimaliza kabisa. Nati ikigoma usiivute kwa hasira, jaribu kuikaza kidogo kwanza alafu ilegeze, mbele nyuma mbele nyuma, ongeza dawa, tumia mpini mrefu. Kupasha moto kunasaidia sana lakini chini ya gari kuna tanki na paipu za mafuta, na hiyo dawa uliyopulizia yenyewe inashika moto, kwa hiyo kama hujazoea usicheze na moto, chukua grainda au msumeno wa chuma ukate boliti, boliti mpya sio kitu. Na grainda nayo cheche zake zielekeze mbali na tanki, kizima moto kiwe karibu. Kama ni stadi (boliti isiyo na kichwa) iliyozama kwenye flenji ya masega na imekatika, inatobolewa kwa drili na unapitisha boliti na nati, ni kazi ya subira, tumia drili kali na ianze ndogo.

Kama kuna sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi) kwenye kipande unachotoa, chomoa soketi ya waya kwanza ndo uzungushe sensa, ukifanya kinyume waya unajisokota na kukatika ndani bila wewe kuona. Nyingi zinatumia spana ya milimita 22. Usiiangushe, na ncha yake usiiguse na grisi wala dawa yoyote.

Kabla hujaanza kuchomoa raba zinazoning'iniza bomba, weka kitu cha kubeba bomba, jeki ya pili au mtu wa pili, sailensa ya zamani ni nzito na ikianguka upande mmoja inavuta kila kitu. Raba zenyewe zipake maji ya sabuni, kisha sukuma kwa bisibisi kubwa au koleo lake maalum. Usitumie oili ya injini au grisi ya kawaida, inalainisha raba na baada ya muda inavimba na kupasuka. Na ukiona raba ina nyufa ibadilishe sasa hivi, ni kitu cha hela ndogo na ndo kinachobeba kila kitu. Bomba la zamani likigoma kupita juu ya akseli likate vipande viwili, ila kata tu kama una uhakika seti mpya ni sahihi, maana ukikata hakuna kurudi.

Ndo maana kabla ya kukata, toa ile mpya kwenye boksi, ilaze chini sambamba na ya zamani kadri unavyoweza kuiona, linganisha mikunjo na vile vyuma vya kuning'inizia. Vikipishana sentimita moja raba itavumilia, vikipishana tano uliuziwa seti ya gari nyingine. Angalia pia ndani ya mabomba, kuna wakati karatasi au plastiki za kufungashia zinabaki humo.

Kufunga. Safisha flenji ya masega kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, weka gasketi mpya, ya zamani usirudishe hata kama inaonekana nzima. Pandisha kipande cha mbele, ingiza chuma chake kwenye raba, tia boliti kwa mkono tu, zamu chache. Kipande cha pili, vivyo hivyo. Klampu (pete za kubana maungio) ziwe zimeshavalishwa kwenye bomba kabla ya kuunganisha, utashangaa watu wangapi wanasahau. Mabomba yanayoingiana yaingie vya kutosha, sentimita 4 mpaka 5 kama mtengenezaji hajasema vingine, na zile nafasi zilizokatwa kwenye bomba la nje zifunikwe zote na klampu la sivyo patavuja. Endelea hivyo mpaka ncha ya nyuma. Kwa sasa kila kitu kinacheza kama kamba ya nguo, ndivyo inavyotakiwa.

Hapa ndo utulie, hii ndo kazi yenyewe. Zungusha kila kipande taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka raba zote ziwe zimenyooka kwenda chini, isiwepo iliyovutwa mbele wala pembeni. Pitisha vidole kati ya bomba na kila kilicho karibu: angalau sentimita 2 mpaka 3 kutoka kwenye bodi, zaidi ya hapo kwa tanki, paipu za breki, nyaya, na bampa kama ni ya plastiki. Shika sailensa uitikise kwa nguvu, isigonge popote. Na kumbuka chuma kikipata joto kinarefuka, bomba la stenlesi ya 304 la mita 3 likipanda nyuzi 300 linaongezeka kama milimita 15, kwa hiyo ncha ambayo ikiwa baridi imekaa milimita tano tu kutoka kwenye bampa, ikipata moto itaifikia. Nenda nyuma ya gari, simama mbali, angalia ncha imekaa katikati na imenyooka. Rudi chini. Panga tena. Ukiona umechoka na unataka kukaza tu liishe, toka chini unywe maji.

Ukiridhika, kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Boliti za flenji unazikaza kwa kubadilishana, hii kidogo na ile kidogo, ili gasketi ibanwe sawa. Zenye springi kaza mpaka zinapogota tu, springi ipo pale ili kiungo kicheze injini ikitikisika. Nguvu ya kukaza fuata karatasi iliyokuja na seti, hakuna namba moja ya wote. Klampu ya umbo la U inabana mpaka bomba linakunjika na siku ukitaka kufungua utalia, klampu pana ya bapa ni bora, nunua kama seti haikuja nazo. Boliti za klampu zielekeze pembeni au juu zisije zikakwangua tuta. Kwenye nyuzi paka grisi ya shaba ya kuzuia kugandana, mwenzako atakayefungua miaka ijayo atakushukuru, na huyo mwenzako ni wewe mwenyewe. Kuhusu gundi za kuziba egzosi, mimi sizipendi, kiungo kizuri hakihitaji, na zile zenye silikoni ya kawaida zinaua sensa ya oksijeni.

Futa alama za vidole kwenye stenlesi kwa kitambaa na spiriti kabla ya kuwasha, ukiziacha joto linazichora hapo moja kwa moja.

Washia nje, sio ndani ya gereji iliyofungwa, moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na inaua. Moshi kidogo na harufu ya kuungua dakika za mwanzo ni oili ya kiwandani, itaisha. Injini ikiwa bado ya baridi mwenzako azibe ncha kwa kitambaa kinene sekunde chache tu huku wewe unasikiliza kila kiungo, panapovuja patapiga tss-tss ya wazi. Au paka maji ya sabuni kwenye viungo bomba likiwa halijapata moto uone mapovu. Uvujaji mbele ya sensa, yaani upande wa injini, ni mbaya zaidi, unaingiza hewa ya nje na kompyuta inadhani injini ina mafuta kidogo, inaongeza, gari inakunywa bure.

Endesha taratibu, pita kwenye matuta ukisikiliza. Gari ikipoa ingia tena chini ukaze upya kila boliti, na rudia baada ya kilomita 100 hivi, chuma kikishapata joto na kupoa mara kadhaa kinakaa sawa na boliti zinalegea. Ukisikia mlio wa bati gari ikiwa imesimama inaunguruma lakini ukikanyaga mafuta unaisha, mara nyingi ni ile ngao ya joto inagusana na bomba, ikunje kidogo kwa mkono ikiwa baridi. Kugonga kwenye matuta tu ni nafasi ndogo kwenye akseli au raba iliyolegea sana. Masizi meusi kwenye kiungo baada ya siku chache, hapo panavuja, legeza, panga, kaza tena. Na ya zamani kama hukuikata ihifadhi, ukiuza gari au ikienda ukaguzi wa kelele utaitafuta.