Somo: Printa moja kwa Windows, Linux na Mac, na namna ya kupata pale inapokwama

Printa ikigoma kwenye mtandao wenye mifumo tofauti, wengi hukimbilia kufuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) na kuisakinisha upya. Tafadhali iache draiva kwanza. Karatasi haitoki mpaka kompyuta iione printa, iruhusiwe kuingia, kisha itume data ambayo printa inaielewa. Tafuta tatizo kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Je, zinaonana? Kwenye printa yenyewe, toa ukurasa wa taarifa za mtandao usome anwani ya IP. Kisha kwenye dirisha la amri la kompyuta andika `ping 192.168.1.50`, ukiweka anwani yako. Pasipo jibu, hakikisha vifaa vyote viko mtandao mmoja, maana Wi-Fi ya wageni mara nyingi hutenganisha vifaa makusudi. Kama jana ilifanya kazi na leo haionekani, shuku kwanza kwamba ruta imeipa anwani nyingine. Ingia kwenye ruta uitengee anwani ya kudumu.

Hatua ya 2: Poti iko wazi? Poti ni mlango wenye namba ambao huduma hupitia kwenye mtandao. Printa kujibu ping hakuhakikishi kwamba itapokea kazi, na kila njia ya kuituma ina poti yake. IPP hutumia poti 631, data ghafi huenda kwa 9100, LPD hutumia 515, na printa inayoshirikishwa na Windows hupitia SMB (njia ya Windows ya kushirikisha mafaili na printa), poti 445. Windows ina `Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 631` ndani ya PowerShell. Linux na Mac tumia `nc -zv 192.168.1.50 631`. Ikikataa, ama faiwoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) imezuia au huduma hiyo imezimwa.

Hatua ya 3: Chagua njia fupi. Hapa ndipo watu hujitesa bure. Kama printa ina Wi-Fi au kebo yake ya mtandao, usiipitishe kwenye kompyuta ya Windows. Kila kompyuta iongee nayo moja kwa moja. Linux na Mac zote hutumia CUPS, yaani mfumo wao wa kuchapisha, na printa nyingi mpya hupokea anwani `ipp://192.168.1.50/ipp/print` bila draiva ya ziada. Kwenye Windows, ongeza printa kwa anwani yake ya IP.

Printa ya USB pekee ndiyo inayolazimu kushirikishwa. Ipe jina fupi lisilo na nafasi. Ikiwa kwenye Windows, Linux na Mac ziifuate kwa `smb://jina-la-kompyuta/printa1`. Ikiwa kwenye Linux, washa ushirikishaji:

`sudo cupsctl --share-printers`
`sudo lpadmin -p printa1 -o printer-is-shared=true`

Kisha Windows iiongeze kwa `http://192.168.1.20:631/printers/printa1`. Namba hiyo ni ya kompyuta ya Linux.

Hatua ya 4: Foleni. Kazi moja mbovu huzuia zote. Windows: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `net stop spooler`, futa yaliyomo ndani ya `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`, kisha `net start spooler`. CUPS: angalia kwa `lpstat -p`, na foleni iliyosimama iamshe kwa `sudo cupsenable printa1`.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Mac yangu inakataa nywila ya Windows, na nina uhakika ni sahihi.*
Angalia kama unaandika PIN. PIN hufungua kompyuta ile tu. SMB inataka nywila ya akaunti. Na akaunti isiyo na nywila kabisa, Windows kwa kawaida huikataa kupitia mtandao.

*Inatoa kurasa tele zenye alama za ajabu.*
Hapo sasa ni draiva. PostScript na PCL ni lugha mbili za printa; umetuma PostScript kwa printa inayojua PCL, au kinyume chake. Futa kazi kwenye foleni kabla karatasi hazijaisha, kisha chagua draiva ya modeli yako halisi.

*Windows kwa Windows napata kosa 0x0000011b. Nimeambiwa nizime RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kwenye rejista.*
Usizime, ndugu yangu. Kosa hilo lilienea baada ya masasisho ya Septemba 2021, Microsoft ilipokaza ulinzi wa huduma ya uchapishaji. Ukizima unarudisha udhaifu uliozibwa. Sasisha kompyuta zote mbili. Likibaki, rudi hatua ya 3 utumie IPP.

*Na SMB1 je? Kompyuta yangu ya zamani haioni kitu bila hiyo.*
SMB1 ni toleo la zamani la SMB; iache imezimwa. Programu hasidi ya WannaCry ilisambaa mwaka 2017 kupitia udhaifu wa SMB1. Kompyuta hiyo ielekeze kwenye printa yenyewe kwa poti 9100 au LPD.